Matumbawe katika Chumba cha Shangazi

Kila asubuhi, kabla ya mtu mwingine kuamka, Shangazi alimimina vikombe kumi na vinane vya maji yaliyochujwa ndani ya tangi la matumbawe la mdogo wake. Siku za joto vilifika ishirini na kimoja. Pembeni mwa kioo palikuwa pamebandikwa utepe mwekundu, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha maji yanagusa ukingo wa chini wa utepe ule, kwa sababu maji ya tangi hupungua kwa joto la taa lakini chumvi yake haiendi popote, na chumvi ikizidi matumbawe hununa. Akishamaliza alifuta kioo, akafua soksi ya kuchujia uchafu, akaianika kwenye kamba pamoja na soksi za watu, kisha akaenda kuchemsha chai.

Nyumba nzima ilimwita Shangazi, ingawa mwenye haki ya kumwita hivyo alikuwa mmoja tu, binti wa mdogo wake, aliyekuwa na miaka kumi na sita. Mdogo wake alikuwa fundi wa lifti, na kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe. Mama yao alifariki Fundi akiwa na miaka kumi. Alipoingia sekondari, Shangazi, aliyekuwa na miaka ishirini na mmoja, alianza kazi ya kufua shuka za hospitali. Zilikuwa zinalowekwa kwenye klorini kali, na zama hizo glavu zilikuwa za madaktari. Ngozi ya mikono yake ilichunika mwezi wa kwanza na haikurudi tena. Iliota vipande vipande, ikapasuka, ikaota, ikapasuka. Fundi alisoma mpaka akamaliza chuo cha ufundi, na hakuna siku aliyosahau kushukuru. Kila sherehe ya nyumbani alisimama na kusema kwamba dada yake ndiye aliyemfikisha pale, na watu walipiga makofi.

Alipojenga chumba cha nyongeza, chenye dirisha la upande wa bustani na mlango wake wa nje, alimshika dada yake bega akamwambia, "Hiki chako." Chumba kilipokauka rangi, tangi la matumbawe likahamishiwa humo kwa muda, maana sebuleni jua la alasiri lilikuwa linachemsha maji. Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita. Shangazi alilala koridoni, nyuma ya pazia, kati ya mashine ya kufulia iliyoharibika na meza ya kupigia pasi. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Kila mtu akipita usiku kwenda msalani alinyata ili asimwamshe.

Jumanne moja, akimimina kikombe cha saba, Shangazi aliona kwamba tumbawe la kijani, lile lenye matawi, lilikuwa limevua nyama kwenye shina. Upana wa ukucha hivi, mfupa mtupu mweupe, kama mtu aliyekunja suruali ili avuke dimbwi. Asubuhi hiyohiyo, kwenye ufa uliokuwa chini ya kidole gumba cha mkono wake wa kulia, paliota kitu cha kijani kadiri ya punje ya dengu. Alidhani ni rangi ya sabuni. Alikisugua, hakikutoka. Taa za tangi zilipowaka saa nne, kitu kile kilifunguka, kikatoa vijikono kumi na viwili vyembamba, kikavipungapunga hewani, kikajifunga. Shangazi akaenda kumenya viazi.

Fundi aliliona tatizo jioni, alipotoka kazini, na hakupaniki. Yeye aliamini kwamba hitilafu ya lifti haina siri: ni umeme, ni mlango, au ni mtu. Unaangalia kimoja, unabadilisha kitu kimoja tu, unasubiri siku tatu, unaandika. Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo, alisema, hata ukipona hutajua umeponea wapi. Alikuwa na daftari la tangi, na kila ukurasa ulikuwa umepigwa mistari kwa rula: tarehe, joto, chumvi, alkali, kalsiamu, fosfeti, na safu ya mwisho kabisa, *Nani kagusa*.

Alianza na umeme. Alitumbukiza ncha za mita majini kuona kama unavuja. Haukuvuja. Alitoa hita ya zamani akaweka mpya, akasubiri siku tatu. Tumbawe la kijani likavua nyama mpaka nusu, na lile la zambarau nalo likaanza kukunja suruali.

Akaja kwenye mlango, yaani kila kiingiacho. Alipima chumvi, ikawa sawasawa. Alipima alkali kwa kudondosha dawa kwenye kichupa, akihesabu matone kwa sauti mpaka rangi ibadilike, tisa, vilevile kama mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake. Alibadilisha chujio la maji. Alitoa sumaku ya kusafishia kioo akaipasua kwa nyundo kutafuta kutu ndani yake, na haikuwa na kutu, na sasa hapakuwa na sumaku. Aliyatoa matumbawe moja moja akayachovya kwenye aidini, akaukagua mchanga ulioanguka kwa lenzi, akitafuta minyoo na kaa wadogo. Alipata konokono mmoja asiye na hatia.

Ikabaki mtu. Wakati wa chakula cha jioni alileta daftari mezani.

"Nataka ukweli," alisema. "Nani kagusa maji?"

"Mimi chumba hicho siingii," mkewe alisema. "Kinanuka samaki."

"Sijagusa," binti alisema.

"Mimi naongeza maji kila asubuhi," alisema Shangazi. "Vikombe kumi na vinane. Na kioo nafuta mimi."

"Wewe sawa, Dada. Nauliza watu."

Akaandika *Hakuna* kwenye safu ya mwisho. Alisema vile kwa sauti nzuri kabisa, na papo hapo akamwekea Shangazi finyango kubwa la nyama kuliko yote. Maneno yale yalimchoma. Lakini ukishachomwa mahali pamoja kwa miaka mingi hupigi tena kelele, unajisogeza tu kidogo, na yeye alijisogeza akaomba chumvi. Binti alimpa, akiangalia mkono ulionyooshwa.

"Shangazi, mkono wako umefunguka."

"Ndiyo. Ni hii taa yenu ya mezani, kali."

"Zinapenda mwanga," binti alisema, akaendelea kula.

Kufikia siku ya kumi na tano hesabu ilikuwa wazi kwa Shangazi. Kila asubuhi aliangalia tangi kwanza, kisha mikono. Penye ukucha mmoja wa mfupa mweupe kwenye tumbawe la kijani, ukucha mmoja wa kijani ulikuwa umetambaa kwenye kiganja chake cha kulia. La zambarau lilikuwa linahamia kushoto. Ilikuwa ngozi laini, yenye unyevu, na vijidomo vyake, kila kimoja na vijikono vyake, vilijipanga kwa mistari iliyonyooka kuliko mistari ya Fundi. Alijaribu kumimina maji kwa mrija mrefu, asikaribie kabisa. Haikusaidia kitu. Asubuhi iliyofuata kidole cha shahada kilikuwa kimefunikwa mpaka kwenye kifundo.

Na mikono haikumuuma. Hili ndilo alilolala nalo na kuamka nalo. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja alikamua shuka bila kuuma meno. Alifunga vifungo vya gauni yeye mwenyewe, mpaka cha shingoni. Siku moja, nyumba ikiwa tupu, alichukua limau, akalikata kwa makusudi, akalikamulia mkono wa kulia, akafumba macho akisubiri. Vijidomo vilijifunga tu kwa kuudhika. Hakuna kilichomuuma. Shangazi alicheka peke yake jikoni mpaka akashikilia sinki.

Kwa hiyo alinyamaza. Hakunyamaza kwa kutojua, wala kwa woga. Alinyamaza kwa uchoyo, tuseme ukweli, na mtu aliyekaa miaka thelathini na mmoja bila ngozi anaruhusiwa uchoyo wa wiki tatu. Alivaa soksi mikononi, akasema ni baridi. Mke wa Fundi akamwambia, "Wifi, hiyo nayo jamani, baridi gani na jua hili," lakini hakuuliza zaidi, kwa kuwa nguo zilikuwa zinafuliwa.

Fundi, upande wake, alikuwa anakonda. Alipitia hatua zote mara mbili, kisha kinyumenyume. Alibadilisha chumvi, balbu na pampu, na mwisho akabadilisha vitu vitatu kwa siku moja, jambo ambalo angemfukuzia kazi kijana yeyote wa karakana yake. Aliomba likizo bila malipo. Jengo moja la ghorofa kumi na moja lilikaa siku sita bila lifti, na wapangaji wake walimpigia simu wakihema. Yeye alikuwa akikata matawi ya tumbawe juu ya mstari mweupe, akinusuru vipande, na vipande vyenyewe vilikuwa vinavua nyama mezani.

Likabaki tumbawe moja tu, la chungwa, bapa kama sahani, ambalo ndilo alilonunua la kwanza. Siku lilipoanza kuwa jeupe ukingoni, Shangazi alimkuta ameketi sakafuni mbele ya tangi, mgongo ukutani, amekumbatia magoti. Hivyo ndivyo alivyoketi siku walipotoka kumzika mama yao, akiwa na miaka kumi, akiuliza nani atapika. Shangazi alisimama mlangoni na ndoo yake. Moyo wake ulimwambia ageuke, na alikaribia kuusikiliza. Kisha akaweka ndoo chini, akavua soksi.

"Mdogo wangu, nyama zako hizi hapa."

Fundi aliangalia. Aliinuka, akafuata lenzi kwenye droo, akarudi, akamshika mkono wa kulia kwa vidole viwili kwa uangalifu mkubwa, kama anavyoshika waya asiojua kama una moto. Alikagua kiganja, akakagua kati ya vidole. Akaomba wa kushoto.

"Zote zimefunguka," alisema. Machozi yalimtoka. "Dada, mbona zimependeza hivi? Unazilisha nini?"

"Sizilishi kitu. Labda makombo ya mkate."

"Mkate!" Fundi alisema, akaandika.

Siku hiyohiyo alimwita Mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu wa udereva, mzee mnene aliyefuga matumbawe tangu enzi za taa za zamani, na wafugaji wote wa mji walimpigia simu wakikwama. Alikuja na gari lenye pedali mbili za breki, akaomba chai, akavaa miwani. Aliichukua mikono ya Shangazi akaiweka kwenye taulo mapajani pake, akaipiga tochi. Alichovya kidole cha shahada cha Shangazi kwenye tangi akaona vijidomo vikipanuka kwa furaha. Alijaribu kukisogeza kidole kile kwenye mfupa mweupe, kiguse, kikae nusu saa. Nyama haikurudi.

"Nyama haina ugonjwa," Mwalimu alisema. "Tangi lako zima, Fundi. Halina kosa."

"Sasa tatizo ni nini?"

"Nyama ya tumbawe ikipata mahali palipochunika, inatambaa. Nimeona imepanda bomba, imepanda kiatu. Hapa mikononi palikuwa pamechunika?" Aliuliza akimtazama Shangazi. "Tangu lini, mama?"

Shangazi alifikiri. Alitaka kusema tangu zamani, lakini yule alikuwa ameuliza vizuri, kama mtu anayetaka jibu.

"Tangu huyu aingie kidato cha kwanza."

Pampu iliendelea kunguruma. Mwalimu aliirudisha mikono ya Shangazi kwa mwenyewe, akaifunika na taulo. Fundi alikuwa ameshika kalamu. Alitazama dirisha la upande wa bustani, akatazama mlango wa nje ambao kitasa chake kilikuwa bado kimefungwa nailoni ya dukani, kisha akamtazama dada yake kwa muda mrefu hivi kwamba Shangazi aliona aibu akarekebisha kitambaa cha kichwa. Halafu akaandika kwenye daftari, kwa mwandiko safi: *Jeraha: miaka 31.* Akapigia mstari.

"Dada," alisema, "kuanzia kesho lazima uhamie humu chumbani."

Shangazi alikuwa amelisubiri neno hilo kwa miaka minne. Alikuwa ameshapanga kitanda kikae wapi, kichwa upande gani. Alijua hata pazia lake litakuwa na rangi gani.

"Saa nne asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni," Fundi aliendelea. "Ni saa nane za mwanga. Zikipungua zitafifia rangi. Nitakuwekea stuli, si ile ya plastiki, nitaweka yenye mgongo. Utatumbukiza mikono mpaka kwenye kiwiko. Mwalimu, joto libaki lilelile?"

"Lilelile," Mwalimu alisema taratibu, akaangalia kikombe chake.

"Na nguo atafua nani?" mke wa Fundi aliuliza kutoka koridoni.

Walilijadili. Mashine ya kufulia ilikuwa imeharibika tangu mwaka juzi, na fundi wake alikuwa ndiye Fundi, aliyekuwa bado hajapata nafasi. Iliamuliwa kwamba nguo zifuliwe kabla ya saa nne. Fundi alikataza klorini katika nyumba ile kuanzia siku hiyo, kwa ukali ambao hawakuwahi kuusikia, na jioni akaleta boksi zima la glavu za maabara, ndefu, za rangi ya samawati, za kuvaa wakati wa kufua. Alimvalisha moja yeye mwenyewe, akikinyoosha kila kidole. "Kama ungeniambia mapema," alisema, "tungekuwa tumezinunua siku nyingi."

Wiki ya kwanza ilipita vizuri. Shangazi aliamka saa kumi alfajiri badala ya saa kumi na moja, akafua, akaanika, akachemsha chai, na saa nne kamili taa zilipowaka alikuwa kwenye stuli yenye mgongo, mikono ndani ya maji ya uvuguvugu. Samaki wawili wadogo wa njano waliamua kuishi kwenye kiganja chake cha kushoto. Tumbawe la chungwa lilimaliza kuhama siku ya tano, likamzunguka kifundo cha mkono kama bangili, na tangini ikabaki mifupa mitupu na Shangazi. Wafugaji wengine walikuja kutazama. Walisema ni tangi zuri, lina mpangilio wa kipekee. Walivua viatu mlangoni na kumsalimia shikamoo kwa heshima zote, kisha wakainama kwenye kioo.

Kupitia dirishani aliona bustani, kamba ya nguo na paka wa jirani. Alikuwa ameotea sawasawa: kichwa cha kitanda kingekaa pale kwenye kona, jua la asubuhi lingefika miguuni tu. Siku ya Jumamosi, Fundi akiwa anapima, akamuuliza.

"Mdogo wangu, na kitanda?"

Fundi alisimama. Hakujifanya hakusikia, hakuwa mtu wa namna hiyo. Alitoa futi mfukoni, akapima ukuta mpaka ukuta, akapima tangi, akaandika, akatoa, akapima tena. Alikuna kipara.

"Kingeenea," alisema. "Tangi likisogezwa sentimita sabini, kinaenea kabisa. Lakini kulisogeza sasa hivi ni hatari, Dada. Wewe mwenyewe unaona. Umo ndani."

"Naona."

"Tuvumilie kwa muda."

"Haya," alisema Shangazi.

Alikuwa hana maumivu. Hilo lilikuwa kweli, na alijilaumu kwamba lilikuwa kweli, maana mtu akiwa haumwi mahali popote analalamikaje. Aliangalia samaki wa njano wakiingia na kutoka kati ya vidole vyake.

Fundi alidondosha dawa kwenye kichupa, akihesabu kwa sauti. Tisa. Alipima chumvi na joto. Alikuwa amenenepa kidogo, na lifti ya ghorofa kumi na moja ilikuwa inapanda na kushuka. Alifungua daftari akaandika kila namba mahali pake, na chini yake, kwenye orodha ya matumbawe, akaandika: la kijani, mkono wa kulia, hali nzuri, la zambarau, mkono wa kushoto, hali nzuri, la chungwa, kifundo, linakua. Akafika kwenye safu ya mwisho. Aliinua kichwa, akatazama chumba kizima, kona mpaka kona.

"Nani kagusa maji leo?"

"Vikombe kumi na vinane," alisema Shangazi, mikono majini mpaka kwenye kiwiko.

"Wewe sawa, Dada."

Akaandika *Hakuna*, akalifunga daftari. Saa kumi na mbili taa zilijizima. Shangazi alitoa mikono polepole ili samaki wasishtuke, akaikausha kwa taulo bila kuisugua, akachukua ndoo yake, akatoka, na mlango wa chumba akaufunga kwa upande wa nje.